Akiba haiozi, lakini baruti huoza

WAHENGA walisema akiba haiozi. Msemo huo unafaa kwa mchele ulio ghalani na kwa fedha zilizo benki. Kwa baruti haufai. Baruti ni bidhaa inayozeeka, inayodhuriwa na joto na unyevu, na ambayo ikichaguliwa vibaya humrudia aliyeinunua. Ni vyema jambo hilo likaeleweka mapema, kwa sababu katika vijiji vya kusini na mashariki mwa Unguja hoja ya kujaza risasi upya nyumbani ina mvuto wake kila msimu wa muhogo unapofika.

Hoja yenyewe ni nyepesi kueleza. Nguruwe pori huingia shambani usiku, hufukua muhogo na viazi, na asubuhi mkulima hukuta matuta yamepinduliwa. Msasi mwenye kibali anaitwa. Msasi anasema risasi ni ghali na hazipatikani kwa urahisi kisiwani. Ndipo huzuka wazo: ganda la shaba linabaki zima baada ya kufyatua, kwa nini litupwe? Si linaweza kutiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, likatumika tena kwa nusu ya bei?

Kitaalamu linaweza. Nchini Marekani, Afrika Kusini na katika nchi kadhaa za Ulaya kazi hiyo hufanywa na wawindaji na walenga shabaha kila siku, kwa mujibu wa sheria za kwao. Swali la mchumi, hata hivyo, si kama jambo linawezekana. Swali ni kama linalipa, linamlipa nani, na hasara ikitokea inambebesha nani. Kwa Unguja, majibu ya maswali hayo matatu hayamsaidii mkulima hata kidogo.

Risasi moja, vitu vinne

Risasi ya kisasa ina vitu vinne. Kuna ganda, ambalo aghalabu ni la shaba nyeupe. Kuna fataki, kile kidude kidogo kilichopachikwa kwenye kitako ambacho hugongwa na sindano ya bunduki. Kuna baruti ndani ya ganda. Na juu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Katika vinne hivyo, ganda pekee ndilo linalobaki. Vitatu vilivyosalia ni lazima vinunuliwe upya, na hapo ndipo gharama ilipojificha.

Katika vitatu hivyo, baruti ndiyo inayodanganya zaidi. Fataki ni kubwa au ndogo, inaingia au haiingii. Kichwa kina kipenyo chake na uzito wake, na vyote viwili vinapimika. Baruti ni punje tu. Aina mbili zinaweza kufanana kwa rangi, kwa ukubwa wa punje na hata kwa harufu, lakini moja ikawa salama katika ganda fulani na nyingine ikalipasua bunduki hiyo hiyo kwa kipimo hicho hicho.

Wazee wa pwani waliozoea magobori wanaijua baruti nyeusi, ile ya makaa, kiberiti na shura, inayotoa moshi mzito na kuuachia mtutu masizi. Baruti hiyo ilitawala dunia kwa karne nyingi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, iliyotokana na nyuzi za pamba zilizotiwa tindikali, na baada ya miaka michache majeshi makubwa yote yalibadili bunduki zao. Baruti mpya ilikuwa na nguvu mara kadhaa zaidi kwa uzito ule ule. Tangu hapo kanuni ya kwanza ya usalama ikawa moja: kipimo cha baruti nyeusi hakitumiki kwa baruti isiyo na moshi, na bunduki iliyoundwa kwa baruti nyeusi hailishwi baruti isiyo na moshi. Anayevunja kanuni hiyo ameweka bomu begani mwake.

Makumbi, mkaa na gogo la mkandaa

Hata ndani ya baruti zisizo na moshi kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo inaitwa kasi ya kuungua. Mpishi yeyote wa Unguja anaielewa bila kwenda shule. Makumbi ya nazi hushika moto mara moja, hutoa mwali mkubwa na kwisha. Mkaa huchukua muda na kudumu. Gogo la mkandaa huwaka taratibu zaidi na kutoa joto kwa saa nyingi. Hakuna anayechoma mkate wa mofa kwa makumbi peke yake, wala anayetafuta gogo la mkandaa ili achemshe kikombe kimoja cha chai.

Baruti ziko hivyo hivyo. Zipo za haraka, zinazofaa bastola na bunduki za marisau, ambako mtutu ni mpana ukilinganishwa na ganda na mzigo unaosukumwa hauleti ukinzani mkubwa. Zipo za kati, zinazofaa raifo ndogo. Na zipo za polepole, zinazofaa raifo zenye ganda kubwa na mtutu mwembamba, ambako kichwa kizito kinahitaji kusukumwa kwa mfululizo mpaka kitoke mdomoni mwa mtutu. Kwa ujumla, ganda likiwa kubwa kuliko tundu la mtutu, au kichwa kikiwa kizito zaidi, baruti inayotakiwa ni ya polepole zaidi.

Baruti ya haraka ikiwekwa mahali pa baruti ya polepole, gesi yote huzaliwa kabla kichwa hakijasogea vya kutosha. Gesi ikikosa pa kwenda, chuma hupasuka. Hatari ya aina hii huongezeka kwa sababu baruti za haraka hutumiwa kwa kipimo kidogo, kisichojaza hata nusu ya ganda, na hivyo ganda linaweza kutiwa mara mbili kwa bahati mbaya bila mtu kugundua.

Msomaji anaweza kudhani kwamba usalama basi ni kutia kidogo. Hapana. Baruti za polepole zina tabia ya ajabu: zikitiwa chini sana ya kiwango cha chini kilichochapishwa, mara nyingine huwaka ovyo na kupandisha shinikizo ghafla. Ndiyo maana watengenezaji huchapisha majedwali yenye kiwango cha chini na cha juu kwa kila aina ya ganda na kila uzito wa kichwa, na hutaka mtu aanzie chini na kupanda taratibu huku akikagua dalili za shinikizo kwenye ganda na fataki. Jedwali la baruti moja halihamishiwi kwa nyingine, hata kama majina yanakaribiana.

Wakubwa nao walikosea

Iwapo kuna anayefikiri kwamba mambo haya ni ya wanagenzi tu, historia ina mifano miwili mikubwa.

Wa kwanza unaihusu Afrika yenyewe. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 Winchester Magnum kwa ajili ya tembo na nyati. Ganda lilifupishwa ili liingie katika bunduki za kawaida, na kwa sababu hiyo baruti ilibidi ishindiliwe ndani. Baada ya kukaa, baadhi ya baruti hiyo iliyoshindiliwa iliganda na kuwaka vibaya. Wawindaji weledi wakajikuta mbele ya mnyama wakiwa na risasi iliyotoka bila nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Kiwanda kilikuwa na maabara, wahandisi na mitambo ya kupima, na bado baruti na ganda havikupatana.

Mfano wa pili ni wa kijeshi. Bunduki ya M16 ya Marekani iliundwa kwa aina moja ya baruti. Katikati ya miaka ya 1960 risasi zake zikaanza kujazwa baruti ya aina nyingine, yenye punje za mviringo. Bunduki zikaanza kufyatua kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa, zikachafuka na kukwama, na askari wakafa vitani Vietnam wakiwa na silaha zisizofanya kazi. Kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza suala hilo mwaka 1967 iliyataja mabadiliko hayo ya baruti kuwa chanzo kikuu cha matatizo.

Kwa upande mwingine, wapo waliofikiria mazingira mapema. Mwaka 1911 kampuni ya Rigby ya Uingereza ilitoa risasi ya .416 ikiwa na ganda kubwa kupita mahitaji ya kawaida. Nafasi hiyo ya ziada ilisaidia kuweka shinikizo chini, kwa sababu baruti ya Kiingereza ya zama hizo, iliyoitwa cordite, ilipandisha shinikizo ilipopata joto la India na Afrika. Kwa maneno mengine, mtengenezaji alikubali kwamba jua la kwetu ni sehemu ya hesabu ya baruti.

Joto, chumvi na kuta za Mji Mkongwe

Jua hilo bado lipo, na Unguja lina wenzake wawili: unyevu na chumvi ya bahari. Baruti isiyo na moshi haikai milele. Tangu siku inapotoka kiwandani huanza kuvunjika taratibu sana, na hutiwa kemikali ya kuidhibiti isivunjike haraka. Joto huimaliza kemikali hiyo upesi zaidi. Baruti iliyoharibika huweza kutoa harufu kali ya tindikali, kubadilika rangi, kutoa vumbi la kahawia, na ikiwa nyingi inaweza hata kujipasha joto na kuwaka yenyewe. Unyevu nao huiathiri fataki, na chumvi hulila ganda. Aidha, risasi iliyoachwa ndani ya gari juani kisha ikafyatuliwa hiyo hiyo huweza kutoa shinikizo kubwa kuliko ile iliyopimwa asubuhi kivulini.

Sasa fikiria ghala. Mkulima wa Makunduchi ana nyumba ya mawe na bati. Mfanyabiashara wa Mji Mkongwe ana chumba katika mtaa ambao mtu akinyoosha mikono anagusa kuta za majirani wawili, majengo yake yana maboriti na ngazi za mbao, na gari la zimamoto haliwezi kupita katika vichochoro vyake vingi. Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kopo moja la baruti ndani ya nyumba kama hiyo si mali ya mwenye nyumba peke yake. Hatari yake ni ya mtaa mzima.

Watanzania hawahitaji kusimuliwa habari ya hatari za ghala. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika kambi ya jeshi Mbagala, na tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka tena Gongo la Mboto. Katika kila tukio zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Yale yalikuwa maghala ya jeshi na silaha nzito, si makopo ya msasi, lakini fundisho ni lile lile: vitu vya aina hii vikikaa karibu na makazi, gharama ya kosa hailipwi na mwenye ghala tu. Afrika Kusini, tarehe 3 Septemba 2018, wafanyakazi 8 walikufa katika mlipuko kwenye kiwanda cha baruti cha Rheinmetall Denel Munition kilichopo Macassar, karibu na Somerset West. Hao walikuwa watu wenye mafunzo, waliofanya kazi hiyo kila siku.

Kisiwa kilijua tangu mwaka 1833

Tahadhari hii si ya leo. Tarehe 21 Septemba 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, uliojadiliwa na mjumbe Edmund Roberts. Mkataba uliwapa Wamarekani uhuru mpana: wauze watakacho, kwa yeyote, kwa bei watakayopatana, bila maofisa wa Sultani kuwapangia. Kulikuwa na bidhaa chache tu zilizowekewa masharti, nazo ni bunduki, baruti na risasi. Katika kisiwa cha Unguja vitu hivyo viliruhusiwa kuuzwa kwa Serikali peke yake. Katika bandari nyingine za Sultani viliweza kuuzwa kwa yeyote mwenye kutoa bei kubwa zaidi.

Inawezekana Sultani aliwaza zaidi juu ya kiti chake kuliko usalama wa majirani. Bado mantiki ya kibiashara inaonekana wazi. Katika kisiwa kidogo, baruti haikuachwa iwe bidhaa kama nguo au pembe. Mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja na ulijulikana. Bara, ambako hapakuwa na mlango kama huo, bunduki na baruti zilimiminika kwa wingi na kuisaidia biashara ya watumwa na pembe, hadi mataifa yakakutana na kutia saini Mkataba wa Brussels mwaka 1890 ili kuzibana.

Sheria za sasa zinaendelea na mantiki hiyo. Polisi ni jambo la Muungano, na kibali cha kumiliki silaha hupitia Jeshi la Polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza silaha au risasi bila kibali. Kwa hiyo kijana anayenunua baruti kichochoroni na kujaza maganda uani hajapunguza gharama za kilimo. Amefungua kiwanda bila kibali, na mkulima anayempa kazi amejiingiza katika kosa hilo.

Hesabu isiyolipa

Tuseme sheria inaruhusu na kibali kimepatikana. Je, inalipa? Chukua mfano wa hesabu, si bei za soko. Tuseme vifaa vya kujazia, yaani mashine ya kukandamiza, vibao vya kurekebisha ganda, mizani ya kupimia vipande vidogo vya gramu na vifaa vya kusafishia, vinagharimu jumla ya sh 1,800,000. Tuseme kila risasi iliyojazwa nyumbani inaokoa sh 4,000 ikilinganishwa na ya kiwandani. Gawa: msasi atahitaji kujaza risasi 450 kabla hajarudisha fedha zake.

Msasi wa kijijini anafyatua ngapi kwa mwaka? Tuseme 30. Basi itamchukua miaka 15 kurudisha mtaji, bila kuhesabu muda wake wala riba ya fedha alizofungia. Sasa tazama baruti yenyewe. Tuseme kila risasi inakula gramu 3. Kopo la kilo moja litatoa risasi kama 333. Kwa matumizi ya 30 kwa mwaka, kopo hilo litakaa miaka 11 katika joto la Unguja. Kila mwaka likifunguliwa na kufungwa, ubora wake unapungua na shaka inaongezeka. Hapo ndipo msemo wa wahenga unapokwama: akiba hii inaoza.

Wapo watakaosema wasasi 10 waungane. Kwa risasi 300 kwa mwaka, mtaji unarudi ndani ya mwaka mmoja na nusu. Hesabu hiyo inavutia kwenye karatasi, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, kila raifo ina chemba yake. Risasi iliyopandishwa taratibu mpaka ikafaa katika bunduki ya Juma inaweza kuzidi katika bunduki ya Makame, hata kama zote ni za kipimo kimoja. Pili, mtu anayewajazia wenzake tisa risasi si mtu wa burudani tena. Ni mtengenezaji, mwenye dhamana ya mtengenezaji, na hakuna mwenye akili atakayebeba dhamana hiyo kwa faida ya sh 4,000.

Linganisha pia na upande wa pili wa daftari. Tuseme nguruwe pori wanang'oa mashina 60 ya muhogo kwa usiku mmoja, na kila shina lina thamani ya sh 1,000. Hasara ni sh 60,000. Mbele ya hasara hiyo, tofauti ya sh 4,000 katika bei ya risasi ni ndogo mno. Iwapo risasi moja ya kiwandani inaokoa usiku mmoja tu wa namna hiyo, imejilipa. Kwa mantiki hiyo, tatizo la mkulima halikuwa bei ya baruti tangu mwanzo.

Nyama isiyoliwa

Tatizo ni nani anayelipa. Wakazi wengi wa Unguja ni Waislamu na hawali nguruwe. Msasi anayempiga nguruwe pori hapati kitoweo wala mteja kijijini. Anatumia risasi yake, mbwa wake na usiku wake, na faida yote inabaki kwa wenye mashamba, wakiwemo wasiochangia chochote. Huu ni mfano kamili wa kazi inayomfaa kila mtu na isiyolipwa na yeyote.

Matokeo yake yanatabirika. Msasi mwenye risasi chache huzielekeza panapolipa, na panapolipa ni kwa paa. Unguja ina paa nunga, mnyama ambaye duniani kote hapatikani ila kisiwani na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, inadhibiti uwindaji, lakini sheria peke yake haibadili hesabu ya mtu aliyepo porini usiku. Risasi ikiwa rahisi bila utaratibu wa malipo, haitamwendea nguruwe. Itamwendea paa nunga. Mkulima atabaki na nguruwe wake na kisiwa kitampoteza mnyama wake.

Kuna suala la aina ya silaha pia. Kichwa cha raifo kikikosa shabaha kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Unguja ina urefu wa kilomita kama 85 na upana usiofika 40, na sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Zanzibar watu 1,889,773, walio wengi wakiishi Unguja. Maeneo ya mawe yenye vichaka, ambako nguruwe hujificha, yamezungukwa na vijiji, barabara na sasa hoteli. Bunduki ya marisau, ambayo chembe zake huishia mita mia chache, inafaa zaidi kwa kazi hiyo, hasa pale msako unapofanywa na kundi lenye mbwa na nyavu. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza ni baruti ipi inafaa raifo, ilibidi kuuliza kama raifo yenyewe inafaa.

Pima kwanza, piga baadaye

Kabla ya risasi yoyote, uharibifu upimwe. Hapa Unguja kuna somo zuri. Wakulima wa nazi jirani na msitu wa Jozani walilalamika kwa miaka mingi kwamba kima punju wanawamalizia nazi changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima minazi hiyo na kukuta kwamba ulaji wa vidaka haukupunguza mavuno ya mwisho; palipoliwa zaidi mavuno yalielekea kuwa makubwa zaidi, huenda kwa sababu kima walikuwa kama wanaopunguza mzigo wa mti. Malalamiko yalikuwa ya kweli kwa namna ya uchungu, lakini hesabu haikuwa hiyo. Kwa nguruwe pori matokeo yanaweza kuwa tofauti kabisa, kwani muhogo uliofukuliwa haurudi. Hata hivyo bila kupima, kila kijiji kitaendelea kulia na kila msasi ataendelea kukisia.

Hatua zinazofaa si ngumu. Ofisi ya sheha iweke daftari la uharibifu: shamba la nani, zao gani, mashina mangapi, usiku gani. Daftari hilo litaonyesha mahali na miezi ya hatari, na msako utapangwa badala ya kukimbizana. Wenye mashamba wachangie mfuko mmoja kwa kadiri ya ukubwa wa mashamba, na mfuko huo umlipe msasi kwa kazi ya nguruwe, ili asilazimike kutafuta faida kwa paa. Kundi la wasasi wenye vibali liagize risasi za kiwandani kwa pamoja, kupitia muuzaji anayetambuliwa na Polisi, ili kupunguza gharama ya usafiri kutoka Bara. Risasi zihifadhiwe mahali pakavu na penye ubaridi, katika maboksi yake, na zilizotangulia kuingia zitangulie kutumika. Yenye kutu, ufa au fataki iliyoharibika ikabidhiwe Polisi.

Wizara inayoshughulikia kilimo na maliasili nayo ina sehemu yake. Inatumia mabwana shamba kufundisha mbolea na mbegu, lakini hasara ya usiku mmoja inaweza kufuta faida ya mbegu bora ya msimu mzima. Ulinzi wa mazao ustahili kuwa na mstari wake katika bajeti, pamoja na uzio, ulinzi wa zamu na misako inayosimamiwa. Tanzania ina kiwanda chake cha Mzinga, Morogoro, kilicho chini ya jeshi. Kama kuna haja ya risasi nafuu za kulinda mazao, mahali pa kuanzia mazungumzo ni huko, ambako kila mkupuo wa baruti unaweza kupimwa kabla haujaingia katika ganda, na si uani kwa mtu.

Anayejua kweli mambo ya baruti huwa na masharti machache asiyoyavunja. Haichagui kwa rangi wala kwa bei. Hachanganyi mbili. Haitoi katika kopo lake la asili. Hatumii kipimo cha kusimuliwa. Na asipokuwa na hakika ni ya aina gani, haiokoi. Anaikabidhi kwa wanaohusika iharibiwe. Masharti hayo yanamtaka mtu awe radhi kupoteza fedha kila anapopata shaka. Mkulima aliyekuja kujaza risasi kwa sababu hana fedha ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuyatimiza.

Ndiyo maana kwa Unguja uchaguzi wa baruti uachwe kwa kiwanda chenye mizani na maabara, na mkulima abaki na uchaguzi ulio wake: kukaa na majirani, kuhesabu mashina yaliyopotea, na kukubaliana nani atamlipa msasi. Muhogo wa jirani ukiliwa leo, wa kwako utaliwa kesho, na nguruwe haulizi mpaka wa shamba uko wapi.